Ati Dakawa Hakuna cha Kuona

Abiria wa basi litokalo Morogoro kwenda Dodoma hufika Dakawa kabla hajamaliza gazeti lake. Basi husimama kidogo katika bonde la Mto Wami, wachuuzi huinua bidhaa zao mpaka madirishani, atakaye hununua na asiyetaka hugeuza uso, kisha safari huendelea. Akifika mwisho wa safari akaulizwa alikopita, atataja Morogoro kwa milima yake ya Uluguru na Gairo kwa baridi yake. Dakawa ataisahau. Abiria huyu hastahili lawama, maana alikata tikiti ya kwenda Dodoma, hakukata tikiti ya kujifunza historia. Wanaostahili lawama ni wale waliopewa kazi ya kuijua nchi na kuionyesha kwa wageni, ambao nao husema neno lile lile la abiria mwenye usingizi: ati Dakawa hakuna cha kuona.

Neno hili lapaswa kujibiwa, kwa kuwa halisemwi kwa Dakawa peke yake. Husemwa kwa Kongwa, husemwa kwa Nachingwea, husemwa kwa kila mahali ambapo ardhi ni tambarare na simba hawapiti. Ni hukumu ya watu waliozoea kuitazama nchi yao kwa jicho la kuazima: mgeni akikiuliza kitu, kitu kipo, asipokiuliza, hakipo. Mgeni ameuliza theluji, amepelekwa Kilimanjaro. Ameuliza mchanga mweupe, amepelekwa Unguja. Katika mkoa wa Morogoro ameuliza tembo na nyati, akapelekwa Mikumi, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964. Na akiwa na magoti imara hupandishwa Uluguru kutazama misitu na maporomoko ya maji. Si vibaya. Biashara hiyo imeiletea nchi fedha nyingi. Mwaka 2019 waliingia Tanzania wageni wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2023 wakawa 1,808,205. Na mwaka 2024 wakapita milioni mbili. Mapato ya mwaka 2023 yalizidi dola za Marekani bilioni 3. Hakuna mwenye akili timamu atakayezitupa fedha hizo baharini. Lakini hesabu kubwa ina tabia ya kuwapofusha wanaoihesabu, na kadiri idadi ya wageni inavyopanda ndivyo swali la wageni wanaonyeshwa nini, na nani, na kwa faida ya nani, linavyozidi kuonekana kuwa swali la utovu wa adabu.

Lugha yenyewe ingeweza kuwaonya. Mtalii na mtalaa ni maneno ndugu. Yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kusoma na kuchungua. Kutalii, kwa asili yake, ni kudurusu jambo na kulipekua mpaka lieleweke, kabla hakujawa kuzunguka na kamera shingoni. Kwa nasaba ya jina lake, basi, mtalii ni msomaji, na nchi anayoizuru ni kitabu. Kivutio ni neno la ukoo mwingine. Kivutio humvuta mtu kama taa inavyowavuta kumbikumbi, wala hakidai kueleweka na ye yote. Vijitabu vya kuwaalika wageni vimejaa vivutio tele. Mtalaa ndio usiotafutwa, na kwa kuwa hautafutwi, Dakawa hukosa mstari katika vijitabu hivyo.

Na afunguliwe msomaji ukurasa wa Dakawa, aone kama ni mweupe.

Mwaka 1976 watoto wa shule wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Makaburu, wakapigwa risasi. Vijana wengi wakavuka mipaka ya nchi yao bila ya cheti wala begi. Tanzania, iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963, ilikipa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, pembeni mwa mji wa Morogoro, mwaka 1977. Hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mazimbu ilipofurika, ikatolewa ardhi ya pili mwaka 1982, yapata hekta 2,800, na ardhi hiyo ilikuwa Dakawa. Waliotangulia kufika walilala katika mahema. Mwaka 1984 Msumbiji, iliyobanwa mbavu, ilitia saini mapatano ya Nkomati na serikali ya Makaburu, na wana-ANC waliokuwa huko wakalazimika kuhama. Wengine wao wakaletwa Dakawa. Kwa misaada ya Wanorwei, Waswidi na marafiki wengine zikainuka nyumba, chuo cha ufundi, mahali pa kuwaandaa wanafunzi wapya, na karakana ya kufuma na kuchapa nguo. Palikusudiwa pawe mji mzima wa watu wasio na nchi. Mwezi Julai mwaka 1992 ANC ikaikabidhi Serikali ya Tanzania Mazimbu na Dakawa pamoja. Mazimbu ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na Dakawa ikaendelea kuwa mahali pa shule na mafunzo ya ufundi.

Kampasi ile ina jina la Mahlangu, na chuo kinachoimiliki kina jina la Sokoine. Majina hayo mawili hayakukutana juu ya karatasi tu. Tarehe 12 Aprili 1984, Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano, alikuwa akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma. Alifia Dakawa, katika ajali ya barabarani, na gari lililogongana na gari lake liliendeshwa na kijana mkimbizi wa Afrika Kusini, mtu wa ANC. Kifo kile kiliiliza nchi nzima, na mpaka leo kingali na wasemaji wengi wenye mengi ya kusema. Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji uvumi ili liwe kubwa. Nchi iliyompoteza Waziri Mkuu wake haikuwafukuza wageni wake. Dakawa iliendelea kujengwa. Saruji iliendelea kushushwa, watoto waliendelea kupelekwa darasani, na wageni walikaa miaka minane zaidi mpaka walipofunguliwa mlango wa kwao. Ni mataifa mangapi yenye majumba makubwa ya makumbusho yanayoweza kuonyesha tendo la namna hiyo? Palipotendeka panapitwa na basi kwa mwendo wa kasi, na mtaalamu wa utalii aliyemo ndani yake anasubiri kuiona Dodoma.

Ukurasa huo una mistari mingine, isiyosomeka kwa furaha. Wageni wa Mazimbu na Dakawa hawakukaa nyuma ya ukuta. Waliuza na kununua, walicheza mpira na wenyeji, walipenda na kupendwa, walioa na kuzaa. Wanahistoria Arianna Lissoni na Maria Suriano walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kitanzania waliofungamana na watu wa ANC, na habari waliyoieleza si ya arusi peke yake. Uhuru ulipokaribia na wanaume wakaanza kurudi kwao, wako wanawake waliokwenda nao, na wako waliobaki Morogoro na watoto mikononi, wakingoja barua. Watoto hao leo ni watu wazima wa miaka thelathini na zaidi. Mashujaa wana sanamu. Mama aliyengoja barua hana hata kibao, ingawa historia ya ukombozi ilipita mwilini mwake.

Vilevile Dakawa haikuwa pepo. Walipofunguliwa waliokuwa wamezuiliwa na chama chao wenyewe katika kambi ya Quatro huko Angola, kwa sababu ya maasi ya mwaka 1984, baadhi yao walipelekwa Dakawa. Wenzao wakawachagua katika uongozi wa wakazi mwaka 1989, na wakubwa wa chama wakaivunja kamati hiyo. Kisa hiki hakimpunguzii Mahlangu heshima yake, wala hakimsafishi Kaburu. Husema tu kwamba wapigania uhuru walikuwa binadamu, na kwamba kambi ya wakimbizi ina siasa zake kama ulivyo mji wo wote. Lakini ni kisa cha aina ambayo soko hulikimbia. Soko hupenda historia iliyochujwa: wema upande huu, ubaya upande ule, na mlangoni duka la fulana.

Hata sanaa ya Dakawa iliondoka. Ile karakana ya kufuma na kuchapa nguo ilihamishiwa Grahamstown, mji wa Afrika Kusini ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda, na huko kikafunguliwa kituo cha sanaa kikiwa na jina la Dakawa. Kitabu kikubwa juu ya shule ya Mazimbu kiliandikwa kwa Kiingereza, kikachapwa Cape Town mwaka 2004. Afrika Kusini haikutenda kosa kwa kulikumbuka jina. Ajabu ni kwamba jina la kijiji cha Mvomero limejulikana kwa mafundi wa mji ulio maelfu ya kilomita kusini, ilhali Morogoro kwenyewe hutajwa pamoja na mchele tu.

Wako watakaosema kwamba hayo yote ni maneno, na maneno hayapigwi picha. Kwamba mgeni hawezi kulipia uwanda wa vumbi kwa sababu ya habari zilizopita juu yake. Wasemao hivyo na waitazame Namibia. Hawatakuwa wamekwenda mbali sana na Dakawa, maana barabara ipitayo hapo ndiyo ielekeayo Kongwa, na Kongwa ndiko wapiganaji wa SWAPO walikowekewa kambi tangu mwaka 1964. Baadhi ya waliotoka kambi hiyo walikuwapo Omugulugwombashe tarehe 26 Agosti 1966, siku vita vya silaha vya kuikomboa Namibia vilipoanza.

Kama kuna nchi iliyostahili kuambiwa haina cha kuona, ni hiyo. Jangwa la Namib limeilalia pwani yake yote kutoka kaskazini mpaka kusini. Bahari ni baridi, ukungu hutanda asubuhi, mvua ni jambo la kusimuliwa, na sehemu ya kaskazini ya ufuo huitwa Pwani ya Mifupa kwa sababu ya mabaki ya nyangumi na merikebu zilizokwama. Sensa ya mwaka 2023 ilihesabu huko watu milioni 3 na ushei tu. Lakini mwaka 2019, kabla ya maradhi ya korona, watalii walioingia walikuwa karibu milioni 1.6. Walikwenda kutazama nini? Mchanga, mawe, na mmea wa welwitschia, wenye majani mawili tu katika maisha yake yote. Mwaka 2013 bahari ile ya mchanga ikaandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Mtu wa Tanzania aliyezoea kuhesabu nyumbu angeipita kwa basi na kulala.

Mchanga peke yake, hata hivyo, haukufanya kazi hiyo. Baada ya uhuru wa tarehe 21 Machi 1990, Namibia ilitunga sheria mwaka 1996 iliyowapa wakazi wa ardhi za jumuiya haki ambayo walowezi wenye mashamba walikuwa nayo zamani. Wenyeji huweka mipaka ya eneo lao kwa kupatana na majirani, huandikisha wanachama, huchagua kamati, huandika katiba na mpango wa kugawana mapato. Wakitimiza hayo, hupewa haki juu ya wanyamapori na utalii wa eneo hilo, na malipo huingia katika mfuko wao wenyewe. Jumuiya nne za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998. Leo ziko zaidi ya themanini, na zimechukua yapata sehemu moja kwa tano ya nchi. Mmojawapo wa ule mstari wa kwanza ni Torra, katika nchi kame ya kaskazini-magharibi. Kampuni ya watalii ilipotaka kuweka kambi huko, ilibidi ikae chini na wafugaji wa mbuzi na kuandikiana nao mkataba. Ikakubali kuwalipa asilimia 10 ya mapato ya malazi na kuwaajiri watu wao. Mpokezi wa wageni alikuwa binti wa mahali hapo, na mbuzi waliendelea kulishwa.

Haifai kuipamba Namibia kupita kiasi. Zimo kamati zilizokula fedha za wanachama, zimo jumuiya maskini ambazo mgeni hazifikii, na Wahai||om waliofukuzwa Etosha miaka ya 1950 hawajarudishiwa nchi yao mpaka leo. Tena nchi hiyo hiyo ina mfano wa pili, wa kutisha, ambao kila mpangaji wa utalii angefaa kuubandika juu ya meza yake. Katika mji wa bandari wa Lüderitz kuna rasi ya mawe iitwayo Shark Island. Kati ya mwaka 1905 na 1907 Wajerumani waliweka hapo kambi ya mateka wa Kiherero na Kinama, wanaume kwa wanawake kwa watoto, wakafa kwa wingi kwa baridi, njaa, maradhi na kazi za nguvu. Ni miaka ile ile ambayo dola ile ile ilikuwa ikichoma maghala ya chakula ya watu wa kusini ya Tanganyika katika vita vya Majimaji. Baadaye, kwa miaka mingi, rasi hiyo ikafanywa uwanja wa mahema ya watalii. Watu wakachoma nyama na kutazama jua likizama pale ambapo mateka walikuwa wakizikwa bila ya sanda. Si lazima kuwafikiri watalii wale kuwa watu wabaya. Hawakuambiwa. Waliopangisha uwanja walikuwa na mandhari ya kuuza, na kaburi si mandhari.

Hapa ndipo yafaa kuwageukia watetezi wa aina ya pili, ambao ni hatari kuliko wale wa kwanza. Wa kwanza husema Dakawa hakuna kitu. Wa pili wakisikia habari za ANC na Sokoine watasimama na kusema: kumbe kipo, na kiuzwe upesi! Watataka lango, hoteli, mwekezaji, na uzio. Watasema wenyeji watafaidika kwa ajira, na wakibanwa waeleze ajira gani, watataja ulinzi wa usiku na ufuaji wa mashuka. Si dhana tupu. Watu wa bonde la Wami wana mfano wao karibu. Si mbali na Dakawa, kuelekea pwani, kuna pori la Wami-Mbiki, ambalo vijiji vilivyolizunguka, katika Mvomero na wilaya jirani, vilijitolea ardhi yao kulifanya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, kwa misaada ya Wadenishi. Watu waliacha kulima na kuchunga mahali ambapo babu zao walilima na kuchunga, kwa ahadi ya gawio. Gawio halikulingana na ahadi. Fedha za wafadhili zilipokwisha, askari wa vijiji wakakosa posho, mkaa ukaingia, ng'ombe wakaingia, majangili nao hawakubaki nyuma. Mwishowe pori likatangazwa kuwa Pori la Akiba, likawekwa chini ya mamlaka ya Serikali. Huenda wanyama watapona kwa njia hiyo. Lakini mwanakijiji aliyekuwa mwenye pori amekuwa jirani wa pori, na kesho akikamatwa ndani yake ataitwa mvamizi.

Aliyelinganisha Torra na Wami-Mbiki hana haja ya kuambiwa tofauti iko wapi. Watu wa Torra hawana akili kuwashinda Wakaguru, Wazigua, Waluguru na Wamaasai wa Mvomero, na mvua wanayo kidogo kuliko wao. Walipewa haki kwanza, mgeni akaja baadaye, na fedha ilifika mkononi mwao bila ya kupita kwanza katika mikono mingi iliyo mbali. Katika Tanzania mpango umeelekea kuanza na mgeni na kuishia na mwanakijiji, kama vile mwenye nyumba anavyokula makombo baada ya karamu kwisha. Na pale ambapo wenyeji na wanyama walionekana hawawezi kukaa pamoja, walioambiwa wafungashe walikuwa wenyeji. Serengeti ilishuhudia hayo mwaka 1959. Tangu mwaka 2022 kaya za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni, katika mkoa jirani na Morogoro. Serikali imesema ni kwa hiari, na wako wenyeji waliosema si kwa hiari yao. Mtu wa Dakawa anazisikia habari hizi. Akiulizwa kama anataka watalii, asishangaliwe akinyamaza kwanza.

Ana sababu nyingine ya kunyamaza, nayo ni mpunga. Bonde la Dakawa lina mashamba ya umwagiliaji ya maelfu ya ekari, yaliyoanzishwa na shirika la umma na sasa yakilimwa na wakulima wadogo katika ushirika wao; lina kituo cha utafiti cha Chollima, ambacho jina lake la Kikorea ni hadithi nyingine ya udugu wa enzi hizo na lingestahili ukurasa wake. Mwaka 2020 ulipoingia na maradhi yake, wageni wa kimataifa wa Tanzania walishuka mpaka 620,867, na wale wa Namibia wakashuka chini ya laki mbili. Kambi za jangwani zilifungwa, na jumuiya zilizokuwa zimeegemea kitanda cha mgeni zikabaki zikiuegemea upepo. Mpunga wa Dakawa haukungoja ndege kutua. Watu walipalilia, walivuna, walikoboa, walikula. Kwa hiyo mpango wo wote wa utalii utakaomtaka mkulima huyu auze jaruba lake ili apate kazi ya kubeba mizigo ya watu ni mpango wa kumfanya maskini kwa adabu. Utalii wa Dakawa, ukiwapo, na uwe kitoweo. Wali upo tayari.

Kinachotakiwa hapo si kikubwa wala hakihitaji mwekezaji kutoka ng'ambo. Wazee waliokuwapo mwaka 1982, waliouza kuku na kuni kwa wageni wale, waliofanya kazi katika ujenzi, waliokimbia barabarani siku ile ya Aprili 1984 au kusikia habari yake kabla ya redio kuitangaza, wanapungua kila masika. Maneno yao na yaandikwe kwa Kiswahili, lugha waliyoyasemea, na yachapwe kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya Dakawa aweza kuilipa. Chuo Kikuu kiko mwendo wa chini ya saa moja. Kina walimu, kina wanafunzi wanaotafuta jambo la kuandika, na kina jina linalokidai kazi hiyo. Vijana wa kijiji wafundishwe kuongoza wageni, wafundishwe historia nzima, ya Mahlangu na ya Quatro, ya Sokoine na ya wale kina mama. Ada iwekwe na Serikali ya kijiji katika mkutano wa hadhara, isomwe hesabu yake katika mkutano wa hadhara, na mgeni apewe risiti ya kijiji. Majengo ambayo ni madarasa na mabweni yabaki madarasa na mabweni. Mgeni wa kweli atafurahi zaidi kuona nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kijana mkimbizi ikisomewa na kijana wa Mvomero kuliko kuiona imepakwa chokaa na kufungwa kufuli. Na wale ambao hawataki kuzungumza juu ya mume aliyeondoka waachwe na ukimya wao, maana si kila kurasa ni ya kusomwa na kila mtu.

Wako watakaocheka hesabu ndogo namna hiyo mbele ya wageni milioni mbili. Ni kweli ndege hazitageuza njia kwa ajili ya Dakawa. Lakini wageni wake wa kwanza hawana haja ya kutangaziwa. Ni Waafrika Kusini waliozaliwa au kulelewa Morogoro wakaondoka wakiwa watoto, na ni watoto wa Kitanzania waliobaki, wenye jina la baba lisilofanana na majina ya mtaa. Mtu wa namna hiyo akishuka leo kwenye basi, akasimama na mkoba wake kando ya barabara ya Dodoma, hataulizia simba. Atauliza yalikuwa wapi mahema, na nyumba walizokaa wenye watoto wachanga zilikuwa upande gani wa mto, na kama yupo mtu anayewakumbuka waliokaa humo.